Ngamia, nyoka au mshikaki: uandikeje majina ya vibadilika?

Chukua jina la kawaida kabisa, tarehe ya kuzaliwa. Lugha nyingi za kompyuta hazikubali nafasi katikati ya jina la kibadilika (jina ambalo programu huhifadhia thamani), kwa hiyo maneno hayo matatu lazima yabanwe yawe kitu kimoja. Njia za kuyabana ni nyingi, na kila moja ina watu wanaoitetea kama mali ya ukoo:

tareheYaKuzaliwa
TareheYaKuzaliwa
tarehe_ya_kuzaliwa
TAREHE_YA_KUZALIWA
tarehe-ya-kuzaliwa
dtKuzaliwa

Wa kwanza ni mtindo wa ngamia, kwa zile herufi kubwa zinazochomoza katikati kama nundu. Wa pili ni ndugu yake, mtindo wa Pascal, ambao nundu ya kwanza iko mwanzoni kabisa. Wa tatu ni nyoka, anayetambaa chini kwa vistari. Wa nne ni nyoka yuleyule akipaza sauti, nao kwa kawaida huwekewa thamani ambazo hazibadiliki. Wa tano ni mshikaki, maneno yaliyotungwa kwenye kijiti kimoja. Wa sita ni mtindo wa Kihangari, unaobandika alama ya aina ya data mbele ya jina (hapa dt ni ya tarehe).

Jibu langu la haraka ni hili: andika kama lugha unayoitumia inavyoandikwa na wenyewe, hata kama macho yako yanapenda mtindo mwingine. Lakini jibu hilo halimalizi kazi. Lugha hugongana ndani ya mradi mmoja, mtindo mmoja huficha kosa ambalo mwingine ungelianika, na kuna swali ambalo miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza haina namna ya kulijibu: inakuwaje majina yenyewe yakiwa ya Kiswahili? Hilo nimelipa nafasi yake mwishoni, kwa sababu ndilo lililonifundisha mengi.

Kwanza, kwa nini majina ya zamani ni mafupi

Ukifungua programu ya zamani ukakuta majina yaliyokatwakatwa, usidhani aliyeandika alikuwa mvivu. Lugha ya Fortran ilipotolewa na IBM mwaka 1957 ilikuwa ya mashine ya IBM 704, ambayo neno moja la kumbukumbu lilikuwa na biti 36. Herufi moja ilichukua biti 6, kwa hiyo herufi 6 zilijaza neno moja barabara, na herufi 6 zikawa kikomo cha jina. Tena jina lililoanza na I, J, K, L, M au N lilihesabiwa kuwa la namba kamili, na mengine yote yakawa ya namba zenye desimali. Anayeandika i, j na k kwenye mzunguko (mistari inayorudiwarudiwa) leo anafuata desturi ya wanahisabati ambayo Fortran iliigeuza kuwa sheria.

Lugha ya BASIC ya mwaka 1964 ilibana zaidi: kibadilika cha namba kilikuwa herufi moja, au herufi moja ikifuatwa na tarakimu moja. Hesabu yake ni majina 286 kwa programu nzima. Hata kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989 kiliahidi kutofautisha herufi 6 za kwanza tu kwa majina yanayovuka kutoka faili moja kwenda jingine, kwa sababu zana nyingi za kuunganisha programu zilikuwa zinasoma hizo tu. Majina kama strcpy (kunakili maandishi) na strlen (urefu wa maandishi) yalizaliwa katika mazingira ya namna hiyo. Kiwango cha 1999 kilipandisha idadi hadi 31. Kuanzia hapo hakuna aliyekulazimisha kuandika trhkz ukiwa unamaanisha tarehe ya kuzaliwa.

Ngamia na nyoka uso kwa uso

Huu ndio ubishi mkubwa, na nimeusikia ukichukua saa nzima ya kikao cha timu. Tuupime kwa vitu vinavyopimika.

Kwanza, kusoma. Mwaka 2009 David Binkley na wenzake walichapisha utafiti wa kulinganisha mitindo hii miwili, na washiriki walikuwa sahihi zaidi kwa ngamia. Mwaka uliofuata Bonita Sharif na Jonathan Maletic walirudia jambo hilo wakitumia kifaa kinachofuatilia mwendo wa macho. Wao hawakuona tofauti ya usahihi, ila nyoka alitambuliwa kwa haraka zaidi. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayesema sayansi imekwisha kuamua, mwulize anasema utafiti upi. Ninachokichukua mimi ni kwamba tofauti ni ndogo, na mazoea yana uzito mkubwa: mtindo uliousoma kwa miaka mitano ndio macho yako yanaouona kuwa mwepesi.

Pili, kuandika. Husemwa kwamba ngamia ni mwepesi kwa vidole. Kwenye kibodi nyingi, kistari cha chini kinahitaji kitufe cha Shift, lakini herufi kubwa inakihitaji vilevile. Nyoka anaongeza kibonyezo kimoja kwa kila mpaka wa neno. Kihariri cha kisasa, yaani programu ya kuandikia msimbo, kinakamilisha jina baada ya herufi tatu, kwa hiyo hoja hii siipi uzito.

Tatu, vifupisho. Hapa ndipo ngamia anapojikwaa vibaya. Tuseme una kibadilika cha anwani mpya ya IP, ile inayotambulisha kompyuta kwenye mtandao. Ukiandika anwaniIPMpya, jicho linasoma IPM kama kifupisho kimoja, halafu linabaki na "pya" ambayo haina maana. Ukiandika anwaniIpMpya, inasomeka. Kwa nyoka suala halizuki kabisa: anwani_ip_mpya. Mfano maarufu kuliko yote ni XMLHttpRequest, jina analolijua kila aliyeandika JavaScript ya vivinjari. Ndani ya jina hilohilo XML imebaki na herufi kubwa zote tatu, na Http imepewa moja tu. Waandishi wa Go wameamua kifupisho kibaki kikubwa chote, ndiyo maana wana ServeHTTP na userID. Mwongozo wa Google wa Java umeamua kinyume chake, kwamba kifupisho kitendewe kama neno lolote: herufi ya kwanza kubwa, zilizobaki ndogo. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chukua huu wa pili, kwa sababu mpaka wa neno hauhitaji kubahatishwa.

Nne, maneno madogo ya kuunganisha. Hili sijaliona likijadiliwa, labda kwa sababu Kiingereza huweza kubandika maneno mawili bila kiunganishi. Kiswahili kina ya, la, cha, wa, za. Ukiandika jinaLaKwanzaLaMteja, herufi kubwa zinaangukia La mara mbili, na jicho linavutwa kwenye neno lenye uzito mdogo kuliko yote. Kwa nyoka, jina_la_kwanza_la_mteja linatulia kama sentensi. Kwa majina ya Kiswahili marefu, nyoka anasomeka vizuri zaidi, na hilo nalisema bila kusitasita.

Historia nayo inapunguza joto la ubishi. Kwenye jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi na alama namba yake ya kompyuta, la mwaka 1963, mahali ambapo leo pana kistari cha chini palikuwa na mshale unaoelekea kushoto. Kistari kilichukua nafasi hiyo katika toleo la 1967. Pale Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox, ambako lugha ya Smalltalk ilizaliwa katika miaka ya 1970, waliendelea na mshale ule na wakautumia kuwa alama ya kuweka thamani ndani ya kibadilika. Wasipokuwa na kistari cha chini, waliunganisha maneno kwa herufi kubwa, na lugha nyingi zilizokuja baadaye ziliiga mazoea hayo. Mtindo tunaougombania leo ulitokana kwa sehemu na alama ambayo haikuwapo.

Lugha imekwisha kukuamulia

Katika Java, JavaScript, Kotlin na Swift, kibadilika ni ngamia na klasi (kiolezo cha kutengenezea vitu) ni Pascal. Katika C# fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) na sifa za klasi ni Pascal, vibadilika vya ndani ni ngamia. Python, Ruby na Rust ni nyoka kwa vibadilika na fanksheni, Pascal kwa klasi na aina. C ya kawaida ni nyoka mwenye majina mafupi.

Uzito wa desturi hizo haufanani, na tofauti hiyo ndiyo inayokuuma usipoijua. Kwa Python ni ushauri. Mwongozo wake, PEP 8 wa mwaka 2001, unapendekeza nyoka, na ukiandika ngamia programu itaendesha vilevile. Mwongozo huohuo unakataza kutumia l, O na I peke yao kuwa majina, kwa sababu katika maandishi ya baadhi ya fonti hazitofautiani na 1 na 0. Rust inakusukuma kidogo: kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa mashine, inatoa onyo ukimwacha nyoka. Haskell haitanii, kibadilika kikianza na herufi kubwa msimbo haukubaliwi. Prolog na Erlang ni kinyume chake kabisa, herufi kubwa ndiyo inayoiambia lugha kwamba hiki ni kibadilika.

Kwa Go inafaa tusimame kidogo. Herufi ya kwanza ya jina katika Go ni ruhusa: kubwa maana yake jina linaonekana nje ya kifurushi (kundi la faili za msimbo zinazokwenda pamoja), ndogo maana yake limefungiwa ndani. Anayetoka Python huandika hivi kwa nia njema kabisa:

type Mteja struct {
    jina string
    simu string
}

Kisha anaigeuza data hiyo kuwa JSON (umbo la maandishi la kubadilishana data), na anapata mabano matupu: {}. Hakuna kosa lililotangazwa. Maktaba ya JSON iko nje ya kifurushi chake, haiwezi kuona sehemu zinazoanza na herufi ndogo, basi inaziruka kimya. Dawa ni kuandika Jina na Simu, kisha kubandika lebo inayosema kwenye JSON zitokee kwa herufi ndogo. Hapa mtindo wa jina umebadilisha matokeo ya programu.

Python nayo ina mtego wake, ingawa inajulikana kwa nyoka. Maktaba yake ya majaribio, unittest, ilifuata mfano wa JUnit, maktaba ya majaribio ya Java, kwa hiyo imebaki na ngamia: setUp, tearDown, assertEqual. Mtu mwaminifu kwa PEP 8 akiandika set_up, Python haitamkemea. Itaiacha tu fanksheni hiyo bila kuiita, na majaribio yataanza bila maandalizi. Fuata mtindo wa lugha, sawa, ila unapoingia ndani ya nyumba ya maktaba fuata mtindo wa nyumba hiyo.

Mshikaki una mahali pake

Mshikaki unasomeka vizuri kuliko yote, kwa sababu kistari ndicho tunachokitumia katika maandishi ya kawaida. Familia ya Lisp imeutumia tangu zamani, na COBOL pia. Lisp inaweza kwa sababu ndani yake kutoa ni alama inayotangulia na kuachiwa nafasi, kwa hiyo kistari cha katikati ya jina hakichanganyi. Katika lugha nyingine nyingi kistari ni kutoa. Andika bei-punguzo kwenye JavaScript, na kama bei na punguzo zote zipo, hutapata kosa lolote. Utapata tofauti ya namba mbili.

Kwa hiyo mshikaki umebaki kwenye CSS (lugha ya mwonekano wa kurasa), sifa za HTML (lugha ya kuandikia kurasa), anwani za kurasa na majina ya faili. Kivinjari kinajua kuutafsiri: sifa ya HTML iitwayo data-tarehe-kuzaliwa inasomwa kwenye JavaScript kama dataset.tareheKuzaliwa, na background-color ya CSS inakuwa backgroundColor. Ukiwa na uhuru wa kuchagua majina ya faili, chagua mshikaki au nyoka kwa herufi ndogo tupu. Windows na macOS kwa kawaida hazitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, Linux hutofautisha, na faili iitwayo Mteja.js inayotajwa kama mteja.js katika msimbo wako itafanya kazi kwenye mashine yako na kuanguka kwenye seva.

Mipakani ndiko kwenye majeraha

Mradi mmoja wa kawaida unakuwa na hifadhidata, programu ya seva, na ukurasa wa kivinjari. Jina moja linavuka mipaka miwili, na kila ng'ambo ina desturi yake.

Tuanze na hifadhidata, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza mchana mzima nikiwa bado mgeni. Nilikuwa nimetengeneza jedwali lenye safu tareheKuzaliwa katika PostgreSQL, programu ya hifadhidata, nikiamini kila kitu ni ngamia kwa kuwa seva yangu ilikuwa JavaScript. PostgreSQL hugeuza kuwa herufi ndogo kila jina lisilowekwa ndani ya alama za kunukuu, basi safu yangu ilihifadhiwa kama tarehekuzaliwa. Maswali niliyoyaandika kwa mkono yalifanya kazi, kwa sababu nayo yaligeuzwa vilevile. Lakini matokeo yaliporudi, msimbo wangu uliomba mteja.tareheKuzaliwa, na JavaScript ikajibu undefined, maana yenyewe hutofautisha herufi. Nikadhani data haipo. Nikaweka alama za kunukuu katika swali, sasa PostgreSQL ikasema safu hiyo haijulikani.

Oracle, hifadhidata nyingine, hufanya hivyohivyo, ila yenyewe hupandisha yote kuwa herufi kubwa. Kwa sababu hiyo kwenye hifadhidata za SQL nachagua nyoka bila mjadala: tarehe_kuzaliwa linabaki na mipaka ya maneno hata likishushwa au kupandishwa lote. Ngamia akikanyagwa nundu zake, hakuna kinachobaki cha kumtambulisha.

Kwa JSON, ngamia ameenea zaidi kwa sababu ya asili yake ya JavaScript, ingawa huduma nyingi hutoa nyoka. Chochote utakachochagua, tafsiri ifanyike mahali pamoja tu, pale data inapoingia na inapotoka. Nimesoma misimbo ambayo tareheKuzaliwa na tarehe_kuzaliwa zinaishi katika faili moja, na kila mahali pameandikwa masharti ya kujaribu hili, likikosekana jaribu lile. Hapo hakuna tena anayejua data iko katika umbo gani.

Lugha ya Nim, kwa kumbukumbu tu, imejaribu kumaliza ugomvi kwa kuhesabu tareheKuzaliwa na tarehe_kuzaliwa kuwa jina lilelile, mradi herufi ya kwanza ifanane. Wazo zuri, isipokuwa anayetafuta jina kwa zana ya kawaida ya kutafuta maandishi atapata nusu ya matukio.

Kihangari: lililokufa na lililostahili kuishi

Charles Simonyi alizaliwa Budapest mwaka 1948, akafanya kazi Xerox PARC, kisha akaingia Microsoft mwaka 1981. Mtindo wake wa kuanza jina kwa alama ya aina uliitwa Kihangari kwa asili yake, na pia unafanana na desturi ya Wahangari kutanguliza jina la ukoo.

Wazo lake la awali lilikuwa la maana. Kiambishi kilipaswa kusema thamani hii ni ya namna gani katika kazi yenyewe: mstari au safu wima, pikseli au sentimita. Wengine walioupokea wakaufanya useme aina ya kikompyuta tu: hii ni namba ya biti 16, hii ni anwani ya kumbukumbu. Aina hiyo kompaila inaijua tayari, na kihariri kinakuonyesha ukiweka kipanya juu ya jina.

Ushahidi wa kwa nini toleo hilo la pili lilishindwa uko wazi kwenye Windows. Programu ya C yenye dirisha kwenye Windows inapokea kitu kiitwacho wParam. Hiyo w ni ya WORD, biti 16, na katika Windows ya biti 16 ilikuwa kweli. Ilipokuja Windows ya biti 32, wParam ikawa biti 32, na leo kwenye mashine za biti 64 ni biti 64. Jina halikuweza kubadilishwa, kwa sababu programu zisizo na idadi zilikuwa zimeshalitumia. Jina linaloeleza umbo la thamani linakuwa uongo siku umbo linapobadilika. Microsoft yenyewe, katika miongozo yake ya .NET, inasema Kihangari kisitumike.

Toleo la kwanza nalitetea kwa nguvu zote, hasa kwa vipimo. muda = 30 ni sekunde au milisekunde? umbali = 5 ni mita au kilomita? Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mars, kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa msukumo kwa vipimo vya pauni na nyingine ilisoma namba zilezile kama vipimo vya nyutoni, tofauti ya mara 4.45 hivi. Jina peke yake lisingetosha kuziba pengo la utaratibu kati ya timu mbili. Hata hivyo, ukiandika muda_ms, umbali_km, uzito_kg, yeyote anayejumlisha muda_ms na muda_sek ataona kosa kabla hajaendesha programu. Weka kipimo mwishoni mwa jina, katika lugha yoyote, kwa mtindo wowote.

Fupi au refu

Pima kwa umbali. Jina linalozaliwa na kufa ndani ya mistari mitatu linaweza kuwa i au n, na kulirefusha ni kumchosha msomaji. Jina litakalokutwa na mtu aliye faili tatu mbali lazima lijieleze lenyewe. Waandishi wa Go wanasimamia kanuni hii kuliko watu wote ninaowajua, na hawakosei. Majina ambayo hayafai kwa urefu wowote ni data, taarifa, kitu, thamani na temp2. Hayo yanasema tu kwamba kuna kibadilika.

Majina yakiwa ya Kiswahili

Kama msimbo wako utasomwa na watu wa dunia nzima, andika kwa Kiingereza. Kama ni wa kufundishia, au unahusu mambo ambayo wahusika wake wote wanayataja kwa Kiswahili, sioni sababu ya kuyatafsiri kisha kuyatafsiri tena kila mnapokutana na mtumiaji. Kiswahili kina bahati moja kubwa: herufi zake zote zimo katika ASCII, kwa hiyo hakuna alama za juu za kuhangaikia. Isipokuwa ng' ya ng'ombe, ambayo itabidi uiandike ngombe, kwa sababu alama ile hufungua na kufunga maandishi katika lugha nyingi.

Usichanganye lugha ndani ya jina moja. getJina na isAmelipa havipendezi, na hilo la pili lina kosa la maana pia. Kiingereza kinahitaji is na has kwa sababu paid peke yake halisemi kama ni jibu la ndiyo au hapana. Amelipa ni sentensi kamili tayari. if amelipa inasomeka bila msaada wowote. Viambishi vya wakati vinafanya kazi bure: amelipa ni hali iliyopo sasa, atalipa ni ahadi, na msomaji hana haja ya maelezo. Ila epuka hajalipa kuwa jina, maana ipo siku utaandika if not hajalipa na kila msomaji atasimama hapo.

Mpangilio wa maneno nao unakusaidia. Nomino yetu hutangulia, kwa hiyo bei_jumla, bei_rejareja na bei_punguzo zinajipanga pamoja kihariri kinapokupendekezea majina. Andika "bei" tu, zote zinajitokeza.

Sasa shida yenyewe. Desturi ya dunia nzima ni kwamba orodha hupewa jina la wingi na kitu kimoja hupewa umoja. Kwa mteja na wateja, kitabu na vitabu, tatizo na matatizo, hakuna taabu. Lakini angalia msamiati unaojaa kwenye programu za kazi: bei, ankara, risiti, akaunti, bidhaa, simu, namba, siku, tarehe. Yote ni ya ngeli ya I na ZI, na umoja na wingi ni neno lilelile. Basi mtu anaandika kwa Python:

bei = [500, 700, 300]
jumla = 0
for bei in bei:
    jumla += bei

Msimbo huu unaendesha, na jumla inatoka 1500, sahihi kabisa. Hapo ndipo ulipo ubaya wake. Baada ya mzunguko, bei si orodha tena. Ni 300, kitu cha mwisho kilichopita. Mistari arobaini mbele, mtu akijaribu kupitia bei tena, Python inalalamika kwamba namba haipitiki kama orodha, na chanzo cha kosa kiko mbali sana na mahali linapotokea.

Wengi hutatua kwa orodha_ya_bei. Inafaa, ila ina lile doa la Kihangari: siku data ikihamia kwenye jedwali au seti, jina limedanganya. Wengine hulazimisha mabei, ambalo linachoma sikio. Dawa ninayoitumia siku hizi imo ndani ya sarufi. Nomino haibadiliki, lakini upatanisho wake unabadilika: bei hii, bei hizi, bei yote, bei zote. Kiambishi cha kivumishi ndicho kinachobeba wingi, kwa hiyo kiingize kwenye jina:

for bei in bei_zote:
    jumla += bei

Na ukishachuja, jina linabeba mchujo na wingi kwa pamoja: ankara_zilizolipwa, akaunti_zilizofungwa, siku_zilizobaki. Kimoja kinapotoka ndani ya orodha kinakuwa ankara_iliyolipwa. Herufi mbili za zi dhidi ya moja ya i zinatosha kumwambia msomaji anashika kitu kimoja au vingi, na hakuna mtindo wa herufi kubwa au vistari ambao ungeweza kumpa hilo.